Fundi wa Ukungu wa Kalundu

Uvira nzima huangalia ziwa. Asubuhi tunaangalia kama mitumbwi ya ndagala imerudi, mchana tunaangalia kama boti za mizigo zimefika Kalundu, jioni tunaangalia Bujumbura ikiwasha taa ng'ambo. Fundi peke yake ndiye aliyeligeuzia ziwa mgongo. Kiti chake cha mbao kilikaa mbele ya studio yake kule Kalundu kikielekea milima, na mtu aliyetaka kuzungumza naye asubuhi ilibidi asimame upande wa barabara, jua likimpiga machoni. Nilisimama upande ule miaka mingi. Nisipolisema jambo moja mapema, mengine yote nitakayosema yatakuwa uongo: nilimwonea wivu mtu yule tangu nilipokuwa binti mpaka nilipopata wajukuu.

Alizaliwa wapi na kwa ukoo gani, wenye kujua watasema. Najua tu kwamba alitoka tambarare ya Ruzizi, kwa watu wanaolima na kusema Kirundi, na kwamba alipohesabu kitu kwa haraka alihesabu kwa Kirundi. Nilipomjua alikuwa tayari ni Fundi, na watu hawakumwita jina lingine.

Kabla yake, kupiga picha hapa kwetu kulikuwa kupiga watu. Ubatizo, arusi, mwanafunzi na diploma yake, marehemu kabla ya kufunikwa. Milima ilionekana nyuma ya watu kama jirani aliyepita kwa bahati mbaya. Fundi ndiye wa kwanza kuwaondoa watu pale mbele. Masika yalipoanza, alipanda vilima vya nyuma ya mji kabla jua halijatoka Burundi, akakaa juu ya jiwe akingoja mawingu yashuke au ukungu upande, akapiga picha mbili, pengine moja, pengine hakuna, akarudi. Huko ndiko kulikoishia filimu zake. Watu walisema ana kichwa kibovu. Walimwita hivyo kwa upendo, nami nilichukia hata upendo ule.

Kamera aliibeba ndani ya sufuria yenye mfuniko, akaifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto, maana mvua ya milimani haimwonei mtu haya. Wanawake waliokuwa wakishuka na mizigo ya mihogo walimsalimia:

"Fundi, mutoto amelala?"

"Amelala. Musimuamushe."

Alijibu hivyo bila kucheka, akaendelea kupanda.

Mimi ni binti wa duka la vitambaa. Baba yangu alikuwa mfanyabiashara Mwislamu, wa zile familia ambazo babu zao walifika ziwani na biashara wakabaki. Maharusi wetu hawakutaka kupigwa picha na mwanamume wakiwa ndani, vichwa wazi, hina mikononi. Baba aliona hapo pana kazi ya mwanamke. Akanishika mkono akanipeleka kwa Fundi nikiwa na miaka kumi na tisa, akasema: "Umufundishe huyu. Lakini kwenye chumba cha giza hataingia na weye peke yenu." Basi shangazi yangu aliletwa kukaa mlangoni.

Saa ya ukutani ya Fundi ilikuwa imekufa zamani, na picha ikiwa ndani ya dawa, muda ndio kila kitu. Shangazi akawa saa. Fundi alipaza sauti toka gizani, "Shangazi, tuanze!" naye akaanza kuvuta punje za tasbihi yake, na ilipozunguka mara mbili aligonga mlango kwa kiatu. Hivyo ndivyo picha za Fundi, Mkatoliki, zilivyosafishwa kwa tasbihi ya Kiislamu miaka miwili mizima. Padri wa parokia alipoambiwa alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa.

Fundi hakunificha kitu. Mafundi wengine wa mji waligeuza mgongo walipochanganya dawa ili usione kipimo. Yeye alinishika kidole akakichovya ndani: "Sikia. Hii iko baridi. Hii iko moto zaidi. Usiulize saa, uliza kidole." Alinifundisha kukuza picha, kuzuia mwanga kwa kiganja pale panapotaka kuwa peupe, kuurudisha pale panapotaka giza. Aliponiona nimekosea hakugomba. Alichukua karatasi nyingine akaniwekea mbele, hivyo tu, na karatasi haikuwa kitu cha kuchezea.

Lakini kunisifu, hapana. Nilimletea picha ya kwanza niliyoitoa mwenyewe, bibi mmoja wa mtaani kwetu mwenye makunyanzi yaliyojaa mwanga. Nilikuwa nimekesha nikiifikiria. Aliishika kwa ncha za vidole, akaielekeza mlangoni, akaiangalia muda mrefu.

"Iko kali," akasema.

Maana yake, picha haikutikisika, basi. Nilingoja neno la pili. Akanirudishia, akatoka kwenda kuangalia milima.

Nilimwonyesha picha nyingi baada ya ile. Kila mara nilimwuliza, "Fundi, iko muzuri?" Naye kila mara alijibu iko kali, au iko sawa, au alikunja midomo tu kama mtu anayeonja mchuzi wa nyumba ya watu. Niliolewa, nikazaa, nikafungua studio yangu barabara kubwa, watu wakaniita Mama Foto kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu. Hata wakati ule, nikipata picha nzuri, nilipanda pikipiki nikaipeleka kwake kama mwanafunzi. Nilirudi na hasira ile ile, nikaapa ni mara ya mwisho.

Jambo la ajabu ni kwamba mtu huyo alikuwa fundi mbaya wa picha za watu. Angeweza kungoja ukungu saa tatu bila kukohoa, lakini hakuweza kungoja mteja achane nywele. Picha zake za kadi watu walitoka macho yamefumba au sikio moja limekatwa, na ofisini waliwarudisha. Walikuja kwangu wakilalamika. Mteja mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alinionyesha picha yake akiwa na uso wa mtu anayezama. "Mama Foto, huyu Fundi alinipiga kama vile ananikimbia." Nilimpiga nyingine, akapendeza. Nilikula kutokana na ubaya wake ule, na bado haukunitosha. Watu walinilipa, wakanishukuru, kisha wakati wa kutoka walisema: "Lakini ile milima yake, aah."

Nitaje siku ya komanda.

Ulikuwa wakati ambao milimani kulikuwa na wanajeshi, na mtu mwenye kamera alionekana ni mpelelezi. Walimkuta Fundi juu ya jiwe lake, sufuria pembeni. Wakamshusha.

"Unapiga picha ya nini?" komanda akamwuliza.

"Ya mawingu."

"Mawingu ya nani?"

Fundi alifikiri swali lile kwa dhati. Wote waliokuwepo walinisimulia kwamba alifikiri kweli, huku mtu amemshikia bunduki. "Bado sijajua," akasema.

Walimfungia chumbani, komanda akachukua filimu akaileta kwangu. Akasimama ndani ya studio yangu, nje kidogo ya pazia la chumba cha giza, akisubiri nimwonyeshe kambi, njia na silaha. Nilisafisha filimu ile kwa mikono yangu. Niliitoa kwenye karatasi kubwa kidogo, maana alitaka aone vizuri. Picha kumi na mbili, zote ukungu. Ukungu ulioingia bondeni kama kundi la ng'ombe linalorudi bila mchungaji. Wingu lililokaa juu ya mgongo wa mlima huku sehemu yake moja ikidondoka upande wa pili. Moja ilikuwa karibu nyeupe tupu, na katikati kulikuwa na mti mmoja ambao hukuweza kusema unaonekana au unapotea.

Komanda aliziangalia moja moja. Alikuja na uso wa kazi. Alipofika ile ya mti, uso ule ulimtoka. Alikaa kwenye benchi ya wateja, kofia magotini, akasema polepole: "Kwetu asubuhi iko hivi." Sikumwuliza kwao ni wapi. Baadaye alisimama, akasema, "Huyu muntu ni mwendawazimu, wamwachilie," akazirudisha picha zote isipokuwa ile ya mti. Aliitia kifuani, ndani ya shati.

Ukutani mwangu palikuwa na picha ishirini za watu niliowapiga mimi. Alikaa chini yake karibu saa nzima. Hakuinua macho hata mara moja.

Niliwahi kujaribu. Sitaki mtu adhani nilikaa tu nikinung'unika. Asubuhi moja nilimfuata juu, nikakaa jiwe lile lile, filimu ya aina ile ile, kamera bora kuliko yake. Ukungu ulitoka kwenye bonde la mto. Alipobonyeza nami nikabonyeza. Tulisafisha pamoja siku ile ile. Yake ilikuwa inapumua. Yangu ilikuwa shuka lililoanikwa. Niliziweka pamoja nikatafuta tofauti kwa kioo cha kukuzia na sikuiona, ila macho yangu yalikwenda yenyewe kwenye ile yake.

"Fundi, nilikosea wapi?"

"Haukukosea. Iko kali."

"Usinidanganye na hiyo kali yako! Niambie."

Alijikuna shingo. "Weye ulipiga ulipoona. Minye nilipiga kabla."

"Kabla ya nini?"

"Sijui, binti. Kabla."

Nilishuka peke yangu siku ile, nikapotea njia kwa hasira, nikatokea kwenye mashamba ya watu.

Na bado sijasema lililoniuma kuliko yote. Baba yangu, yule yule aliyenipeleka nikajifunze, alinunua picha moja kubwa kwa Fundi: mlima na wingu lililojikunja juu yake. Aliitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni anaona kabla hajavua viatu. Mimi nilikuwa nimempiga baba mwenyewe, kanzu, kofia, mkono juu ya meza ya duka, na naweza kusema hata leo kwamba ilikuwa picha nzuri. Hiyo yangu aliiweka ndani ya kabati pamoja na hati za nyumba. Alisema: "Hii ni ya kutunza."

Alipougua mara ya mwisho tulimlaza sebuleni kwa sababu ya hewa. Nilikaa karibu naye siku nyingi. Adhuhuri moja alinishika mkono, akaniomba nimgeuze. Nikadhani anataka kuniona. Nikamgeuza taratibu, nikaweka mto, nikainama uso wangu ukawa mbele yake. Akasema kwa adabu, kama mtu anayemwomba mgeni apishe: "Mwanangu, sogea kidogo." Nyuma yangu palikuwa na ule mlima. Nikasogea. Alifariki siku ya tatu, na sehemu kubwa ya siku hizo tatu macho yake yalikuwa pale.

Fundi alikuja mazikoni. Alisimama na wanaume, akalia machozi ya kweli, akanikuta baadaye akasema pole, dada yangu. Nilimpa mkono. Moyoni nilikuwa namwambia: umechukua hata hii.

Kisha ziwa likapanda. Wa hapa wanajua, wa mbali niwaambie: maji yaliongezeka mwezi kwa mwezi, yakaingia nyumba za Kalundu, yakala barabara, watu wakahama na milango yao kichwani. Studio ya Fundi ilikuwa mita chache toka ufukweni. Alikuja nyumbani kwangu, mtaa wa Songo, akiwa na mkokoteni, na juu ya mkokoteni sanduku moja la bati. Negatifu zake zote zilikuwa humo, ndani ya bahasha alizozikata mwenyewe toka magazetini.

"Kwako iko juu," akasema. "Unitunzie."

"Na vitu vingine?"

"Vingine ni vitu."

Nyumba yake ilianguka wiki ile. Akaenda Kamanyola kuishi kwa binti yake, mwanamke mpole anayeuza nguo sokoni. Macho ya Fundi yalikuwa yameanza kuharibika. Tulipigiana simu wakati wa sikukuu. Sanduku lilikaa chumbani kwangu chini ya kitanda, na ilikuwa nadra wiki kupita bila kulifungua. Nilizishika zile negatifu mbele ya dirisha nikaziangalia kama mtu anayejigusa jeraha. Sikupata hata moja ya kusema hii ni mbaya.

Ndipo akaja nyumbani kwangu mgeni, mama mmoja toka Kinshasa, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alikuwa anakusanya picha za zamani za nchi yetu kwa ajili ya maonyesho na kitabu. Alitoa kwenye mkoba picha ya mti ndani ya ukungu. Kwenye pembe ilikuwa na alama ya kukunjwa. Aliikuta kwa mwanajeshi mmoja mstaafu, ambaye hakukubali kuitoa mpaka alipoahidiwa itarudi. Nyuma yake mwanajeshi huyo alikuwa ameandika: Uvira.

"Nimeuliza mjini," mgeni akasema. "Wananiambia aliyepiga alihamia kwa watoto wake, na kwamba vitu vyake viko kwako. Mama, ziko ngapi?"

Sanduku lilikuwa nyuma ya ukuta ule ule aliouegemea. Najua ningeweza kusema neno moja tu, ngoja. Badala yake nilisikia sauti yangu ikisema:

"Maji yalichukua zote."

Alifumba macho. Nami, Mungu anisamehe, nikavuta albamu zangu. Maharusi wangu wa miaka thelathini. Wazee wangu. Watoto wa Songo ambao leo ni baba na mama. Alizifunua kwa heshima, ukurasa kwa ukurasa, mwendo ule ule kwa kila moja, akasema ni kazi safi sana. Alikuwa bado anaifikiria ile ya mti. Aliniachia namba yake, akaenda.

Nilifikiri imekwisha. Mwezi mmoja baadaye binti wa Fundi alinipigia.

"Mama Foto, shikamoo. Papa hayuko sawa."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Hasemi. Alikuja mama mmoja toka Kinshasa kumpa pole. Alimwambia lile sanduku lilichukuliwa na maji, kwamba weye ndiye ulimwambia. Tangu siku ile Papa anakaa tu. Bugali anakula kama amelazimishwa. Nilisema nikuulize: ni kweli? Maana Songo maji hayakufika."

Nilikaa kitandani. Visigino vyangu viligusa bati.

"Nitakuja kesho," nikasema.

Njia ya Kamanyola ni ndefu kwa mtu mwenye neno kooni. Nililiweka sanduku kwenye kiti karibu yangu ndani ya gari, nikalishika kila tulipoingia shimo. Tulipita mashamba ya mpunga, milima ikiwa upande wa kushoto njia nzima, na sikuiangalia.

Alikuwa amekaa uani juu ya mkeka, mgongo ukutani, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Macho yake yalikuwa yamepata rangi ya maziwa yaliyoongezwa maji. Alijua hatua zangu.

"Mama Foto."

"Ndiyo, Fundi. Shikamoo."

Niliweka sanduku mbele ya magoti yake, nikachukua mkono wake nikauweka juu. Alipapasa kona, kitasa, ule mfuniko uliobonyea. Akafungua. Akatoa bahasha moja, akainusa.

"Imekauka," akasema.

"Haikuloa hata siku moja."

"Yule mama alisema maji."

"Nilimdanganya."

Kuku walikuwa wanapekua chini ya ua. Binti yake, aliyekuwa anasonga ugali jikoni, aliacha kusonga.

"Kwa sababu gani?"

"Wivu."

"Wivu wa nini? Minye nina nini? Angalia. Nina mukeka."

Basi nikamwambia. Nilimwambia habari ya komanda na benchi. Nilimwambia habari ya jiwe na lile shuka langu. Nilimwambia alivyofariki baba, jinsi alivyoniomba nisogee. Nilianza kwa utaratibu nikamaliza nalia kwa sauti kama mtoto aliyepigwa shuleni, mwanamke wa umri wangu, uani kwa watu. Nilidhani atanihurumia. Nadhani hata nililia ili anihurumie.

Fundi alikuwa amekunja mdomo. Sikuwahi kumwona na hasira kabla ya siku ile, wala sikujua kwamba hasira yake ni kimya namna hiyo.

"Mwezi muzima," akasema, "nilikuwa najaribu kuzikumbuka. Moja moja. Nilisema, kama ziko kichwani basi hazijapotea. Nilifika arobaini. Zingine hazikuja. Nilijipiga kichwa na huu mukono. Na weye ulikuwa umelala juu yake." Akafunga sanduku. "Toka hapa. Toka mbele yangu."

Nilitoka. Sikuwa na pa kwenda, gari la kurudi lilikuwa la alasiri. Nilikaa nje ya ua juu ya kinu kilichopinduliwa, nikaona watu wa soko wakipita. Binti yake aliniletea maji, akarudi ndani. Nilisikia bahasha zikifunguliwa na kufungwa. Jua lilikuwa juu kabisa aliponiita. Hakuniita Mama Foto. Aliniita kama zamani.

"Binti! Uko wapi? Kuja."

Nilipiga magoti pembeni ya mkeka. Negatifu zilikuwa zimepangwa kwa safu, na alikuwa amezipanga kwa kupapasa tu, kwa bahasha.

"Yule mama anataka picha kubwa za ukutani," akasema. "Ukimpigia simu atakuja?"

"Ego, Fundi," nikaitika kwa Kirundi chake. "Atakuja mbio."

"Mashine yako ya kukuza ingali inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Basi utazitoa weye."

Nilidhani sikusikia. "Minye? Baada ya hili?"

"Hasira yangu haijaisha. Itakaa. Lakini nani mwingine? Wale wa Kinshasa watazitoa nyeupe kama unga. Ukungu hauko mweupe. Chini yake kuna giza, ndilo linalounyanyua, na Uvira nzima sijaona mukono unaojua kutoa giza kama wako. Ile picha ya mkwe wa muuza chumvi, mwenye shela nyeusi mbele ya mulango mweusi. Weusi mbili, na kila mmoja umekaa pake. Niliiangalia ile siku nzima. Minye siwezi kufanya vile. Nilijaribu. Nilitupa karatasi nyingi."

Ile picha niliipiga nikiwa na miaka ishirini na sita.

"Ulisema iko kali!" nikapiga kelele. "Nilikuletea mwenyewe. Nilikuja mvua ikininyea. Ulisema iko kali!"

"Uliniuliza kama iko nzuri. Ile sijui. Picha za watu sizijui, binti, watu wananiogopesha, wanakuangalia. Kama ungeniuliza habari ya giza ningekuambia."

Sikujua nicheke au nimpige. Maneno niliyoyasubiri maisha yangu yote yalikuwa yamekuja siku ambayo sikustahili hata maji ya kunywa niliyopewa, na sikuweza hata kuyafurahia. Niliinama nikaanza kurudisha bahasha ndani ya sanduku, kwa safu yake.

"Na jina?" nikauliza baadaye, bila kumwangalia.

"Jina la picha ni langu."

"Najua."

"Lako, kama unataka liandikwe, waambie. Hiyo ni shauri yako."

Mgeni alirudi na karatasi nzuri na dawa za kutosha. Nilifanya kazi ile majuma sita, pazia limefungwa mchana kutwa, kidole ndani ya dawa. Zipo nilizozirudia mara tisa. Kuna asubuhi wivu ulinijia upya, wenye afya kabisa, nikiona mlima ukitoka polepole kwenye karatasi na nikijua si mimi niliyesimama pale. Nilifanya kazi nao hivyo hivyo. Nilipomaliza, Kinshasa walizichukua zote, na siku moja, nikiwa nampiga mtoto picha ya shule, yule mama alipiga simu. Alikuwa anaandika vibao vya kuweka chini ya picha.

"Jina la mpigaji ninalo," akasema. "Aliyezitoa niandike nani?"

Nikamwambia haina haja, ni kazi ya mkono tu. Nikakata simu. Nikamrudisha mtoto mbele ya pazia, nikamnyoosha kola, nikabonyeza, akatoka vizuri. Kisha nikaichukua simu tena, nikampigia yule mama, nikamtajia jina langu herufi kwa herufi, nikamwambia anisomee aliloandika, nisikie.